Majina Juu ya Diski: Asili ya Hitilafu ya Kuwaka kwa Linux Ndogo

Mafundi wanaotengeneza ruta, ving'amuzi vya televisheni na mashine za viwandani zinazoendeshwa na Linux wanaujua ukimya wa aina moja. Waya wa serieli umeunganishwa, kasi imewekwa biti 115,200 kwa sekunde, na kerneli inatoa taarifa zake mstari kwa mstari: kumbukumbu imepatikana, chipu ya flashi imetambuliwa, mfumo wa mafaili umepachikwa. Kisha hutokea onyo moja kwamba konsoli ya kwanza imeshindwa kufunguka, na baada ya hapo haiji herufi hata moja. Mashine haijafa, pengine inajibu hata ikiulizwa kupitia mtandao. Tiba ya papo kwa papo inajulikana tangu zamani: ndani ya saraka ya /dev liundwe faili maalumu liitwalo console, la aina ya herufi, lenye namba 5 na 1, na pembeni yake jingine liitwalo null, lenye namba 1 na 3. Ni amri mbili tu. Sasa kama dawa ni rahisi hivyo, mbona ugonjwa umedumu miaka mingi, ukapita mikononi mwa watu hodari na bado ukarudi? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba hitilafu hii ni deni la uamuzi mmoja wa kale, ule wa kuyaweka majina ya vifaa juu ya diski ilhali ujuzi wa vifaa vyenyewe umo ndani ya kerneli. Historia ya tiba zake zote ni historia ya kulilipa deni hilo kwa mafungu.

Uamuzi wenyewe ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey. Bell ilikuwa imejitoa kwenye mradi mkubwa wa Multics, na Ken Thompson, pamoja na Dennis Ritchie, akaanza kuunda mfumo endeshi mdogo kwenye kompyuta ya PDP-7. Ndani ya mfumo huo, uliokuja kuitwa Unix, tayari yalikuwamo mafaili maalumu yaliyosimama badala ya vifaa. Ritchie alieleza baadaye kwamba mwanzoni kifaa hakikuandikwa waziwazi katika kumbukumbu za faili. Namba fulani za orodha ya mafaili zilitengwa, na kila moja ilimaanisha kifaa chake. Mwongozo wa kwanza wa Unix ulipotoka Novemba 1971, mafaili hayo yalipewa sehemu yake peke yake. Katika makala yao ya Julai 1974 kwenye jarida la Communications of the ACM, Ritchie na Thompson waliyataja kuwa ndiyo jambo la ajabu kuliko yote katika mfumo wao wa mafaili, wakatoa faida tatu: kusoma kifaa kunafanana na kusoma faili la kawaida, programu inayotarajia jina la faili inaweza kupewa jina la kifaa, na ulinzi unaozuia watu kufungua mafaili ya wengine unalinda vifaa vilevile. Faida zote tatu zilikuwa za kweli, na zingali za kweli hadi leo. Lakini zilikuja na gharama ambayo wakati ule haikuwa na sababu ya kuonekana.

Gharama hiyo inaeleweka mtu akitazama faili la kifaa lina nini. Halina data. Lina jina, aina yake (ya herufi au ya bloku), ruhusa za matumizi na namba mbili: namba kuu inayoiambia kerneli draiva ipi iitwe, na namba ndogo inayoiambia draiva hiyo ni kifaa kipi kati ya vile inavyovisimamia. Ni anwani iliyoandikwa juu ya bahasha; nyumba yenyewe iko kwingine. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na madaftari mawili yanayopaswa kukubaliana: moja ndani ya kerneli, linalojua namba 5 na 1 ni konsoli, na jingine juu ya diski, linalojua neno console ni namba 5 na 1. Hakuna chombo kilichohakikisha kwamba madaftari hayo yanalingana. Kwenye PDP-11, kompyuta ambako Unix ilihamia baadaye, haikuwa shida, kwa sababu aliyekusanya kerneli upya baada ya kuongeza diski ndiye aliyeandika amri ya mknod kuunda jina lake, na alifanya yote mawili kwenye mashine ileile. Mashine zilipozidi, kazi hiyo ikaachiwa skripti iliyoitwa MAKEDEV. Wasambazaji wa Linux nao wakachagua njia ya kuunda kila jina linaloweza kuhitajika, kifaa kiwepo kisiwepo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watengenezaji wa kerneli, alipoandika kuhusu jambo hili mwaka 2003, saraka ya /dev ya Red Hat 9 ilikuwa na majina zaidi ya 18,000, na karibu yote hayakuwa na kifaa chochote nyuma yake. Kwenye kompyuta ya mezani wingi huo ulikuwa kero tu, kwani diski ilikuwa na nafasi na kisakinishi kiliifanya kazi hiyo mara moja.

Kompyuta zinazopachikwa ndani ya vifaa ndizo zilizouvunja ukaribu huo wa zamani. Hapa mtu anayetayarisha kerneli mara nyingi ni mtengenezaji wa chipu, na anayetayarisha mfumo wa mafaili ni mtu mwingine kabisa, akifanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ambayo kichakataji chake hakifanani hata kidogo na kile cha kifaa. BusyBox, programu moja inayokusanya ndani yake amri nyingi ndogo za Unix, ilianzishwa na Bruce Perens katikati ya miaka ya 1990 ili mfumo wa Debian uweze kuwaka kutoka kwenye diski laini moja. Baadaye ikawa ndiyo moyo wa vifaa vidogo. Ruta ya Linksys WRT54G, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2002, ilipothibitika kuwa ndani yake kuna Linux, na msimbo wake ukatolewa hadharani mwaka 2003, maelfu ya watu walianza kujijengea mifumo yao wenyewe. Kila mmoja wao alikutana na kikwazo kilekile. Amri ya mknod inadai mamlaka ya msimamizi mkuu, na mtu mwenye busara hataki kujenga programu kwa mamlaka hayo kwenye kompyuta yake ya kazi, maana kosa moja la njia linaweza kufuta au kuandika juu ya vitu vyake mwenyewe. Si hilo tu. Mfumo wa mafaili wa FAT hauwezi kulihifadhi faili la kifaa hata kidogo. Git, inayotunza msimbo wa miradi mingi, hailihifadhi faili la kifaa, na wala haihifadhi saraka tupu. Mfumo uliokuwa mzima kwenye meza ya mhandisi mmoja unaweza kumfikia mwenzake ukiwa hauna /dev kabisa, na hakuna aliyefuta chochote.

Hapa mtu anaweza kupinga kwamba ninautafutia uzembe asili ya heshima. Orodha ya kazi ipo, vitabu vipo, na anayesahau kuunda mafaili mawili asiilaumu Unix. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mfumo ungemwonyesha mhusika kosa lake pale linapofanyika. Kinyume chake, unalificha. Taarifa za mwanzo za kerneli hazipiti kwenye faili lolote. Zinakwenda moja kwa moja kwa draiva ya mlango wa serieli, ndiyo maana zinaonekana vizuri huku /dev ikiwa tupu. Hata agizo la kuwashia lenye maneno root=/dev/mtdblock2 linamdanganya msomaji. Linafanana na njia ya faili, lakini wakati linaposomwa hakuna mfumo wa mafaili wa kifaa uliokwisha kupachikwa. Kerneli inalitafsiri jina hilo yenyewe, kwa ujuzi wake wa ndani. Kwa hiyo fundi anaona jina la /dev likifanya kazi, anaona maandishi yakitoka, na ana kila sababu ya kuamini kwamba konsoli ni nzima. Ni pale tu kerneli inapotaka kuiachia nafasi programu ya kwanza, yaani init, ndipo inapolifungua faili la /dev/console na kuirudufisha mara mbili ile namba iliyopata, ili programu hiyo irithi namba 0, 1 na 2: mlango wa kusomea, wa kuandikia na wa kutolea makosa. Faili likikosekana, kerneli inatoa onyo lake na kusonga mbele. Init inaanza bila milango hiyo mitatu. Ikiwa haikuandikwa kwa tahadhari, faili la kwanza itakalolifungua litapewa namba 0, na ujumbe wa kosa unaotumwa kwenye namba 2 unaweza kuishia ndani ya faili lisilohusika. Mfumo unaozungumza hadi dakika ya mwisho kabla ya kosa, kisha ukanyamaza kwa sababu ya kosa lenyewe, hauwezi kumsaidia hata fundi aliye makini.

Jaribio la kwanza kubwa la kuyaunganisha madaftari mawili upande wa Linux lilikuwa devfs ya Richard Gooch, iliyoingizwa kwenye kerneli ya majaribio 2.3.46 mwanzoni mwa mwaka 2000. Wazo lake lilikuwa la moja kwa moja: kwa kuwa kerneli ndiyo inayojua vifaa vilivyopo, iunde yenyewe saraka ya /dev, na kila draiva ijiandikishe kwa jina. Kwa vifaa vidogo hii ilikuwa neema, maana mfumo wa mafaili uliojengwa bila mamlaka ya msimamizi uliweza kuwaka. Hata hivyo devfs ilipingwa vikali. Al Viro, aliyeijua sana sehemu ya kerneli inayosimamia mafaili, alionyesha kasoro za mashindano ya muda ndani yake, ambapo matukio mawili yanayogongana yangeweza kuuharibu mfumo. Wengine walikasirishwa na majina marefu yanayopita kwenye basi, shabaha na vitengo vya diski, kiasi kwamba ilibidi programu ya pembeni irudishe majina yaliyozoeleka. Pingamizi kubwa zaidi lilikuwa la msingi: kumpa mtumiaji jina la kifaa ni sera, na sera haina kazi ndani ya kerneli. Devfs ikatangazwa kuwa imepitwa na wakati katika toleo la 2.6, na mwaka 2006 ikaondolewa kabisa.

Mrithi wake, udev ya Kroah-Hartman, ilitambulishwa mwaka 2003 kwenye kongamano la Linux la Ottawa. Ilitegemea sysfs, eneo ambalo kerneli 2.6 inatangazia vifaa vyake na namba zake, na kazi ya kuunda majina ikahamishiwa kwenye programu ya kawaida inayosikiliza matangazo hayo na kufuata kanuni zilizoandikwa na msimamizi. Kwa vifaa vidogo BusyBox ilikuja na mdev, ndugu mwepesi wa udev. Kwa kompyuta ya mezani huu ulikuwa ushindi, kwa kuwa diski ya USB sasa ingeweza kubaki na jina lake popote ichomekwapo. Kwa hatua za kwanza za kuwaka, hata hivyo, ilikuwa kurudi nyuma. Udev ni programu. Haiwezi kuanza kabla ya init, na init ndiyo inayohitaji konsoli. Likawa suala la kuku na yai. Wajenzi wa mifumo wakalazimika kuendelea kutia mafaili machache yasiyobadilika, console na null, ili programu ya kuunda mafaili ipate pa kusimama. Ndiyo sababu hitilafu hii ilishamiri upya katika miaka ileile ambayo watu walidhani suala la /dev limekwisha. Zana zilizozaliwa kukizunguka kile kikwazo cha mknod kudai mamlaka ya msimamizi mkuu zinaonyesha uzito wake. Fakeroot, iliyotokana na Debian mwaka 1997, huiaminisha programu ya kufungasha kwamba inaendeshwa na msimamizi mkuu na kwamba mknod imefaulu, ilhali juu ya diski hakuna faili la kifaa lililoundwa. Buildroot, zana ya kujengea mifumo midogo ya Linux, ilitumia jedwali la maandishi linaloorodhesha jina, aina, ruhusa na namba za kila kifaa, likageuzwa kuwa mafaili dakika ya mwisho wakati taswira ya mfumo inapotengenezwa.

Mwaka 2009 Kay Sievers, akiwa na Jan Blunck na Kroah-Hartman, alipendekeza devtmpfs, na ikaingia kwenye kerneli 2.6.32 Desemba ya mwaka huo. Wapo waliolalamika kwamba devfs imefufuliwa kwa mlango wa nyuma, na aliyeiua ndiye anayeifufua. Lalamiko hilo lina chembe ya ukweli ambayo haifai kufichwa. Kerneli imerudi kuunda majina. Kilichobadilika ni mipaka. Devtmpfs hutumia mfumo wa mafaili wa kumbukumbu uliokuwapo tayari, draiva haziandiki majina kwa utaratibu mpya, na faili linaundwa kwa jina ambalo kerneli ililitumia siku zote, kwa kawaida likiwa mali ya msimamizi mkuu peke yake. Ruhusa, viungo na majina ya kupendeza yakabaki kazi ya udev au mdev. Kwa wanaosema heri nusu shari kuliko shari kamili, huu ndio mfano: kerneli ilipewa sera kidogo kabisa, ile tu inayohitajika ili mashine iweze kusema, na nyingine ikaachwa nje. FreeBSD ilikuwa imefika karibu na hapo mapema zaidi, kwani tangu toleo la 5.0 la Januari 2003 devfs yake ndiyo njia ya kawaida ya kupata /dev. Ushahidi huo unatosha kuonyesha kwamba kosa la Gooch halikuwa wazo la kuiachia kerneli kazi ya kuunda majina. Lilikuwa utekelezaji, na kutia ndani ya kerneli mpangilio wa majina ambao watu hawakuuomba.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaopenda urahisi, nalo ni zito kuliko lile la uzembe. Kifaa kidogo hakibadiliki, wanasema. Chipu zake zimechomelewa kwenye ubao, kwa hiyo orodha isiyobadilika ya majina ishirini ni salama, nyepesi na inasomeka. Kwa mashine ambayo kerneli yake haitaguswa kamwe, wako sahihi, na wengi wamefanya hivyo bila majuto. Lakini vifaa vinapobaki vilevile, kerneli hubadilika, na namba na majina ni mali yake. Mfano bora ni chipu za OMAP za Texas Instruments, zilizotumika kwenye BeagleBoard. Katika kerneli 2.6.37 ya Januari 2011 milango yake ya serieli ilianza kuhudumiwa na draiva nyingine, na jina likahama kutoka ttyS kwenda ttyO. Ubao ulikuwa uleule na waya uleule, lakini mfumo wenye orodha ya zamani ulibaki ukimngojea mtumiaji kwenye mlango ambao haukuwa tena na draiva nyuma yake. Miaka michache baadaye draiva mpya ilirudisha jina la ttyS, na safari hii kerneli ikawekewa kipande cha msimbo cha kurekebisha agizo la kuwashia lililokuwa bado linataja jina la kati. Orodha isiyobadilika ni ahadi kwamba pande zote mbili zimeganda. Katika biashara ambayo masahihisho ya usalama yanadai kerneli mpya kila mara, ahadi hiyo haitimiziki kwa muda mrefu.

Pingamizi la tatu ni la wenye matumaini: devtmpfs ipo, kwa hiyo tunazungumzia maiti. Laiti ingekuwa hivyo. Kerneli ina chaguo la kuipachika devtmpfs yenyewe juu ya /dev mara tu baada ya kupachika mfumo mkuu wa mafaili, lakini maelezo ya chaguo hilo yanasema wazi kwamba halihusu mfumo unaowaka kutoka initramfs, yaani kifurushi cha mafaili kinachofunguliwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Huko ni lazima init yenyewe ifanye upachikaji, na kufikia hapo kerneli imekwisha jaribu kufungua konsoli. Ndiyo maana kifurushi kidogo ambacho kerneli hujitengenezea pasipo kupewa kingine kina vitu vitatu tu: saraka ya /dev, faili la /dev/console na saraka ya /root. Buildroot nayo, ikitengeneza kifurushi cha aina hiyo, hutia faili la console kwa mkono, kisha huweka skripti fupi ya init inayopachika devtmpfs na kuielekeza upya milango mitatu kabla ya kuiita init halisi. Hata pasipo initramfs kuna mtego: devtmpfs hupachikwa juu ya saraka iliyopo, na ikiwa saraka ya /dev yenyewe haimo, kerneli huripoti kosa la namba hasi 2, lenye maana kwamba hakuna kitu cha jina hilo. Saraka tupu iliyodondoshwa na Git inatosha kuleta kosa hilo. Deni limepungua kutoka majina 18,000 hadi saraka moja na pengine faili moja, lakini halijafika sifuri.

Na sidhani litafika sifuri, kwa kuwa sehemu iliyobaki inalinda faida ileile ambayo Ritchie na Thompson waliieleza mwaka 1974. Konsoli ingeweza kukabidhiwa kwa init bila jina lolote, lakini basi kila programu ingelazimika kujua kwamba hiki ni kifaa na kile ni faili, na mchoro mzima wa Unix ungeporomoka kwa ajili ya kuokoa mafaili mawili. Bei ya sasa ni ndogo kuliko hasara hiyo. Historia hii inampa fundi kitu cha maana kuliko kumbukumbu ya namba 5 na 1, nacho ni mpangilio wa kutafuta chanzo. Taarifa za kerneli zikionekana kisha zikakatika init inapoanza, mlango wa serieli ni mzima na lawama iko kwenye jina. Kwanza aangalie kama saraka ya /dev imo kweli ndani ya taswira iliyotiwa kwenye kifaa, asitosheke na ile iliyo kwenye kompyuta ya kujengea. Kisha athibitishe ni nani aliyepewa kazi ya kuijaza: jedwali la vifaa, kerneli kwa devtmpfs, skripti ya init, au mdev. Mwisho apime kama huyo aliyepewa kazi anaianza kabla ya mwenye shida kulihitaji jina. Mara nyingi atakuta kila mmoja ametimiza wajibu wake kama alivyouelewa, na kwamba kilichokosekana ni makubaliano kati yao kuhusu zamu. Kwa hiyo mradi wowote wa kifaa kipya ungefanya vyema kuliandika jukumu hilo kwenye nyaraka zake siku ya kwanza, pamoja na anwani za kumbukumbu na kasi ya mlango wa serieli, kwani nalo ni sehemu ya muundo wa mashine sawa na hizo nyingine.